MKOROSHO KATIKA MIAKA YA SHIDA
Jinsi Wakulima wa Kusini Walivyoikabili Misukosuko Miwili ya Zao Lao



Ni desturi ya vijitabu vya kumbukumbu kama hiki kuhesabu mafanikio: maghala yaliyojengwa, mizani iliyonunuliwa, tani zilizouzwa. Hesabu hizo ni za haki, na mwanachama anastahili kuzisoma. Lakini wazee wetu walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Chama cha ushirika nacho hupimwa kwa kipimo hicho. Siku ya mavuno mema kila mtu ni mwanaushirika. Siku ya dhiki ndipo hujulikana kama chama kilikuwapo kweli, au lilikuwa jina tu lililoandikwa juu ya mlango.

Kwa hiyo kurasa hizi chache zaeleza habari za dhiki. Tumechagua misukosuko miwili iliyolipata zao la korosho katika nchi yetu ya kusini. Wa kwanza ulianza katika miaka ya 1970 ukadumu zaidi ya miaka 10. Wa pili ulizuka katika msimu wa 2018. Kila mmoja una fundisho lake, na mkulima wa Rondo, wa Kilwa, au wa bonde la Lukuledi hana budi kuyajua yote mawili.

SHIDA YENYE KISHINDO NA SHIDA YA KIMYA

Pwani ya Lindi yaijua shida ijayo kwa kishindo. Mwezi wa Aprili mwaka 1952 kimbunga kiliupiga mji wa Lindi, na wazee waliendelea kukisimulia kwa miaka mingi. Mwezi wa Mei mwaka 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam katika upande wa Kilwa, karibu na Somanga, hata magari yakakwama kwa siku kadhaa. Shida ya namna hii haihitaji mtu wa kuitangaza. Kila jicho laiona, kila mtu hutoka na jembe lake, na Serikali huleta mitambo.

Iko shida nyingine ambayo haina ngurumo. Huingia shambani kidogo kidogo, msimu huu magunia mawili pungufu, msimu ujao matano, na kila mkulima hudhani kuwa bahati mbaya ni yake peke yake. Hii ndiyo iliyouangusha mkorosho mara ya kwanza. Ilikuwa na hatari kubwa kupita kimbunga, kwa sababu hapakuwa na mahali ambapo wakulima waliweza kukaa pamoja, wakalinganisha magunia yao, na kusema kwa sauti moja: zao linakufa.

ZAO LILIVYOSTAWI

Mkorosho si mti wa asili ya Afrika. Wareno waliuleta katika pwani yetu kutoka Brazili katika karne ya 16. Kwa muda mrefu ulikuwa mti wa kivuli na wa mabibo. Biashara ya kupeleka korosho ghafi India ili zibanguliwe huko ndiyo iliyoupa thamani, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wakulima wa kusini, Wamakonde, Wamwera, Wamakua na wengineo, waliupanda kwa wingi. Haukuletwa na mashamba makubwa ya kampuni. Mkulima mdogo aliufukia katikati ya mihogo yake na mtama wake. Mihogo ilipokwisha kung'olewa na ardhi kupumzishwa, mikorosho ilibaki imesimama, ikazaa.

Wakulima hao hao ndio waliokwenda kuona, upande wa pili wa bonde la Lukuledi, mradi mkubwa wa karanga ulioanzishwa na Waingereza huko Nachingwea baada ya vita. Fedha nyingi zilimwagwa, matrekta yakaletwa, reli ikajengwa kutoka Mtwara. Na kufika mwaka 1951 mradi wenyewe ulikuwa umekwisha kuachwa. Mkorosho wa mkulima mdogo, usiokuwa na trekta wala reli, uliendelea kuzaa. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya karibu tani 145,000 za korosho, ikawa miongoni mwa nchi za mbele kabisa duniani pamoja na jirani yetu Msumbiji.

Ushirika nao ulikuwa umeenea. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na baada ya Uhuru vyama viliongezwa kwa haraka katika sehemu ambazo havikuwako, kusini ikiwa mojawapo. Haraka hiyo ilikuwa na kasoro zake. Mwaka 1966 kamati iliyoundwa na Rais kuchunguza vyama vya ushirika ilikuta mambo ya kusikitisha: wanachama wasioelewa chama chao, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, fedha zisizotunzwa vizuri, na siasa kuingilia kazi za biashara. Twayataja haya ili tusidanganyane. Ushirika ulipoondolewa miaka 10 baadaye, wengi hawakuulilia, na sababu ilikuwa kwamba wengi hawakuwa wameuona kuwa ni wao.

MTI HAUHAMI

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970 watu wa kusini walihamishwa kwenda kukaa katika vijiji. Huku kwetu kazi hiyo ilianza mapema kuliko sehemu nyingi, kwa kuwa vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Mwishoni mwa mwaka 1973 kuishi vijijini kulifanywa kuwa amri kwa nchi nzima. Nia ilikuwa kuwafikishia watu shule, maji na zahanati, na vijiji vingi vilivipata vitu hivyo.

Lakini nyumba huhama, na mkorosho hauhami. Mkulima aliyekuwa akiamka na kuuona mti wake mlangoni sasa alitembea saa nzima au zaidi kuufikia. Palizi ikachelewa, halafu ikaachwa. Magugu yakapanda, moto wa kiangazi ukapita chini ya miti, na korosho zilizoanguka zikapotelea nyasini. Wakati huo huo sehemu ya bei ya nje iliyomfikia mkulima ilizidi kupungua. Aliyepiga hesabu ya mwendo, palizi na malipo, aliona heri apande muhogo.

Kisha, tarehe 14 Mei 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima. Kijiji kikafanywa kuwa chama chenyewe, na korosho zikanunuliwa na shirika la umma, Mamlaka ya Korosho Tanzania, lililokuwa limeanzishwa mwaka 1973. Tangu hapo baina ya mkulima na mnunuzi hapakuwa na mtu aliyechaguliwa na wakulima. Mkutano mkuu wa chama, pale ambapo mtu wa Rondo angeweza kusimama na kumwuliza mwenzake wa Mtama, "Je, na kwenu zao limepungua?", haukuwako tena.

Wakulima walijibu, ila walijibu kwa kimya. Hawakuandamana wala hawakuandika barua. Waliliacha jembe chini. Katika msimu wa 1986/87 zao la nchi nzima lilikuwa limeshuka chini ya tani 20,000. Viwanda vikubwa vya kubangua, vilivyojengwa kwa mikopo ya nje kwa matumaini ya mavuno ya mwaka 1973, kikiwamo cha Mtama na cha mji wa Lindi, vilikosa korosho za kubangua. Deni lilibaki, na mashine zikashika kutu.

UGONJWA ULIOKUTA MLANGO WAZI

Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ulionekana kusini ugonjwa wa ukungu unaofunika machipukizi na maua ya mkorosho kwa vumbi jeupe mfano wa unga. Wakulima wakauita ubwiri unga, na jina hilo ndilo linalotumika hata katika vitabu vya wataalamu. Ua lililoshikwa hunyauka kabla ya kuzaa. Shamba lisilotibiwa laweza kupoteza sehemu kubwa ya mavuno yake, na mahali pengine karibu yote.

Mtu apandaye nyanda za juu za Rondo asubuhi ya wakati wa maua ataelewa kwa nini ugonjwa huu ulipenda nchi yetu. Huko juu, penye urefu wa mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari, ubaridi na ukungu hukaa juu ya miti hata jua lipande. Ubwiri unga hupenda hali hiyo hasa: hewa yenye unyevu, ubaridi kidogo, na miti iliyosongamana isiyopitisha jua. Mbegu zake huchukuliwa na upepo. Mashamba yaliyoachwa, yenye matawi yaliyofungamana na machipukizi mengi chini ya kivuli, yakawa maskani yake. Kutoka huko ukaingia hata katika shamba la mkulima aliyekuwa bado anapalilia.

Hili ndilo jambo ambalo twaomba msomaji alishike. Ugonjwa huu hauujui mpaka wa shamba. Mkulima hodari aliyepakana na shamba la mwitu alikuwa kama mtu azibaye paa la nyumba yake mwenyewe huku nyumba ya jirani, iliyogusana nayo, yaungua. Dawa yake ilikuwa haiwezi kupatikana kwa juhudi ya mtu mmoja. Na wakati ilipohitajika juhudi ya wengi, chombo cha wengi kilikuwa kimekwisha kuvunjwa.

MKOROSHO WARUDI

Kurudi kwa mkorosho kulichukua muda. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama vya ushirika. Baadaye watu waliruhusiwa kurudi kwenye mashamba yao ya zamani, na wengi walirudi. Wataalamu wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, karibu na Mtwara, walifanya kazi ambayo wakulima wa kusini wanapaswa kuikumbuka kwa shukrani. Walionyesha kuwa unga wa salfa, ukipulizwa kwa mashine alfajiri wakati umande ungali juu ya majani na upepo umetulia, huyakinga maua. Na kwamba hupulizwa kwa duru kadhaa, kila baada ya majuma mawili hivi, kuanzia maua yanapochomoza. Walifundisha pia kupunguza miti iliyosongamana, kukata machipukizi yanayoficha ugonjwa wakati usio wa maua, na kubebesha mikorosho mikongwe vikonyo vya aina bora.

Hata hivyo utaalamu ungebaki vitabuni kama wakulima wasingaliubeba. Mashine ya kupulizia ilikuwa ghali kupita uwezo wa mtu mmoja. Wenye mashine walipulizia mashamba ya wengine kwa ujira, na penye vikundi mashine ilizunguka shamba kwa shamba. Wakajifunza jambo ambalo hapana aliyewaandikia: salfa iliyopulizwa kwa jirani huja kwako kwa upepo, na ugonjwa ulioachwa kwa jirani huja kwako kwa njia hiyo hiyo. Palipokuwa na mapatano, majirani walipuliza katika siku zinazofuatana. Pasipokuwa na mapatano, mmoja alilipa na wengine wakangojea upepo.

Mwaka 1991 biashara ya korosho ilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. Bei ilipanda, na moyo wa wakulima ukapanda nayo. Kufika msimu wa 1999/2000 nchi ilikuwa imevuka tena tani 100,000. Lakini soko huria lilileta na mambo yake. Mkulima aliyebanwa na njaa au ada ya shule aliuza zao lingali ua, kwa bei ya kutupa, kwa mnunuzi wa mlangoni asiye na mizani ya haki. Biashara hiyo ndiyo iitwayo kangomba, na twaijua sote. Kuanzia msimu wa 2007/08 mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotokana na sheria ya mwaka 2005, ulianza kutumika katika korosho. Mkulima hupeleka zao katika chama chake cha msingi, korosho hukusanywa ghalani, na wanunuzi hushindana katika mnada mbele ya wakulima wenyewe. Zao likaongezeka mpaka, katika msimu wa 2017/18, likapita tani 300,000, na bei mnadani ikafikia shilingi 4,000 hivi kwa kilo.

MSIMU WA 2018

Msukosuko wa pili ulikuja baada ya msimu huo mwema. Minada ilipofunguliwa mwezi wa Oktoba 2018, wanunuzi walitaja bei zilizokuwa chini mno ya zile za mwaka uliopita, nyingine hazikufika hata shilingi 2,000. Huko Tandahimba na Newala wakulima walizisikia bei hizo zikisomwa, wakazikataa. Korosho zikabaki ghalani.

Tazama tofauti, ndugu msomaji. Katika miaka ya 1970 mkulima aliyeonewa na bei aliliacha shamba kimya kimya, na nchi ikachukua miaka 10 kufahamu. Mwaka 2018 mkulima alikuwa na mahali pa kusimama na kusema hapana, na ndani ya majuma machache sauti yake ilikuwa imefika kwa Waziri Mkuu na kwa Rais. Mahali hapo palikuwa mnada, na mnada ulisimama juu ya vyama vya msingi. Ushirika ulikuwa umempa mkulima sauti.

Tarehe 12 Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba. Tangazo hilo lilipokewa kwa vigelegele. Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi. Kabla ya kulipwa, wakulima walihakikiwa, na waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 walitakiwa waonyeshe mashamba yao, ili wafanyabiashara wa kangomba wasijifiche nyuma ya majina ya wakulima. Kwa wengine malipo yalikawia kwa miezi. Msimu wa palizi na wa kununua salfa ulifika, nao wangali wakingojea. Mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni ya nje, uliotiwa sahihi mwezi wa Januari 2019, haukutimia. Msimu uliofuata minada ilirudishwa, na wanunuzi binafsi wakarudi nayo.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu. Twayaandika kwa sababu miezi ile ya kungojea ilionyesha upande mwingine wa mambo. Vyama vilikuwa na sauti, lakini vilikuwa na akiba gani? Mwanachama aliyekwama bila ada ya shule, chama chake kiliweza kumkopesha kiasi gani? Na palipokuja wahakiki, daftari la chama lilitosha kuonyesha fulani ana mikorosho mingapi, na mwaka jana alileta kilo ngapi? Penye daftari safi, mkulima alikuwa na shahidi. Penye daftari la mashaka, mkulima mwaminifu alisimama katika mstari mmoja na mlanguzi, na mtu wa nje hakuweza kuwatenganisha.

TUNACHOJIFUNZA

Misukosuko hii miwili yatufundisha kuwa jamii haipati nguvu mpya siku ya shida. Hutumia ile iliyowekwa siku za neema. Mkulima wa mwaka 1980 alikuwa hodari sawa na wa mwaka 2018. Alichokosa ni mkutano wa kusemea. Mkulima wa mwaka 2018 alikuwa na mkutano; alichokosa ni akiba ya kumwezesha kungojea bei bila kufa njaa.

Hivyo kazi za chama zinazoonekana kuwa ndogo na za kuchosha ndizo kinga yenyewe. Mkutano mkuu ufanywe kwa wakati wake, na makato yasomwe moja moja hata mwanachama wa mwisho aelewe kila shilingi imekwenda wapi. Maana makato yasiyoelezwa ndiyo yanayompeleka mtu kwa kangomba. Sehemu ya ziada itengwe kuwa akiba kama sheria inavyotaka, wala isiliwe. Daftari la mikorosho na kilo litunzwe kila msimu. Na majirani wapatane siku za kupulizia kabla maua hayajachomoza, wala shamba la mjane au la mgonjwa lisiachwe kuwa maskani ya ugonjwa. Lipuliziwe na wenzake, kwa kuwa kulisaidia shamba hilo ni kuyalinda yote.

Viongozi nao wana neno lao la kukumbuka. Mwaka 1976 vyama vikuu viliondolewa kwa amri ya siku moja, na wanachama wachache walijitokeza kuvitetea. Sheria yaweza kuanzisha chama na sheria yaweza kukivunja. Kinachokifanya kisivunjike mioyoni ni mwanachama kukiona kuwa mali yake. Hilo haliletwi na hotuba, wala na sherehe hii ya leo. Huletwa na mizani isiyopunja na malipo yasiyokawia, na kiongozi akubaliye kuulizwa.

Mikorosho mingi inayozaa leo katika nyanda za Rondo na katika mabonde yaliyo chini yake ilipandwa na watu waliokwisha kufa. Iliachwa na mwitu, ikaugua, ikakatwa matawi, ikapuliziwa, ikazaa tena. Sisi tumeirithi ikiwa hai. Tukiufanya ushirika wetu uwe tayari kabla ya shida nyingine kubisha hodi, nao watoto wetu watairithi hivyo hivyo.

Heri ya miaka 10, Ndugu Wanachama, na kazi iendelee.